Zarifa na Tarehe za Sheria: Riwaya ya Jokha Alharthi na Historia ya Utumwa Inayosomwa kutoka Bara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha na kazi za Jokha Alharthi, mwandishi wa riwaya na mtaalamu wa fasihi ya Kiarabu kutoka Oman. Mkazo umewekwa kwenye riwaya yake *Sayyidat al-Qamar* (2010) na mhusika Zarifa, mwanamke aliyezaliwa utumwani. Hoja kuu ni kwamba riwaya hiyo inaonesha pengo kati ya tarehe ambazo sheria ilitangaza mwisho wa utumwa na muda ambao utumwa uliendelea kuishi katika nyumba, hasa kwa wanawake. Pengo hilo hilo linaonekana katika sheria za Zanzibar na Tanganyika, katika msamiati wa Kiswahili na katika riwaya za Afrika Mashariki. Makala yanapendekeza kwamba fasihi hizi zisomwe pamoja, na kwamba bara, likiwakilishwa hapa na Shelui mkoani Singida, lipewe nafasi yake katika usomaji huo.

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei 2019, Tuzo ya Kimataifa ya Man Booker ilitolewa mjini London kwa riwaya *Celestial Bodies*, tafsiri ya Kiingereza ya *Sayyidat al-Qamar* iliyofanywa na Marilyn Booth. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu kupata tuzo hiyo. Mwandishi na mfasiri waligawana paundi 50,000, kama kanuni za tuzo zinavyotaka. Magazeti mengi yaliizungumzia riwaya hiyo kama dirisha la kuitazamia Oman, nchi ambayo fasihi yake ilikuwa haijulikani sana nje ya ulimwengu wa Kiarabu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, dirisha hilo linafunguka upande mwingine pia. Nyumba ya tajiri Sulayman katika kijiji cha kubuni cha al-Awafi haiwezi kuelezwa bila Bahari ya Hindi. Sayyid Said bin Sultan aliihamishia Zanzibar makao yake katika miongo ya 1830 na 1840, na Oman na Zanzibar zilikuwa chini ya mtawala mmoja mpaka alipofariki mwaka 1856. Utengano wao ulithibitishwa rasmi mwaka 1861. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi za Zanzibar zilihamia Oman. Ndiyo maana Kiswahili kinasikika mpaka leo katika nyumba za Muscat.

Historia hii husimuliwa kwa kawaida kama historia ya bahari na visiwa. Makala haya yanaisoma kutoka bara. Shelui, mji mdogo wa wilaya ya Iramba ulio chini ya mlima Sekenke kwenye barabara ya Singida kwenda Nzega, umechaguliwa kwa sababu haumo katika picha hiyo iliyozoeleka. Anayeisoma riwaya ya Alharthi akiwa mahali kama hapo hulazimika kuuliza swali ambalo msomaji wa pwani anaweza kulipita: watu walioijaza nyumba ya Sulayman kwa kazi yao walitoka wapi, na simulizi ya kutoka kwao imehifadhiwa na nani?

2.0 Mwandishi na msomi

Jokha Alharthi alizaliwa Oman mwaka 1978. Ukubwani mwake alikuta nchi ambayo shule, barabara na hospitali zilikuwa zimeenea kwa kasi katika muda wa kizazi kimoja. Wahusika wake wengi wanaishi ndani ya mabadiliko hayo: bibi anakumbuka njaa, mjukuu anaendesha gari kwenda Muscat. Alisoma Oman kisha Uingereza, akapata shahada ya uzamivu katika fasihi ya kale ya Kiarabu Chuo Kikuu cha Edinburgh, na amekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos.

Riwaya yake ya kwanza, *Manamat*, ilitoka mwaka 2004. *Sayyidat al-Qamar* ilichapishwa Beirut mwaka 2010. Aliiandika wakati wa masomo yake Edinburgh, akiwa mbali na lugha yake. *Narinjah*, iliyompatia Tuzo ya Sultan Qaboos ya Utamaduni, Sanaa na Fasihi mwaka 2016, inasimulia habari za Zuhour, msichana wa Kiomani anayesoma Uingereza na kumkumbuka Bint Aamir, mwanamke aliyewalea watoto wa nyumba isiyokuwa yake. Riwaya nyingine, *Harir al-Ghazala*, ilifuata mwaka 2021.

Usomi wake hauko mbali na riwaya zake. Kitabu chake cha kitaaluma kuhusu mwili katika ushairi wa mapenzi wa Kiarabu, kilichochapishwa na Edinburgh University Press mwaka 2021, kinahusu mapokeo ya *udhri*, ushairi unaohusishwa na majina kama Jamil na Majnun. Wahakiki wengi wameuona ushairi huo kuwa wa mapenzi safi yasiyogusa mwili. Alharthi anaonesha kwamba mwili umo ndani yake kwa nguvu. Jicho hilo la kitaaluma linaonekana pia katika riwaya. Zarifa haelezwi kwanza kwa hadhi yake ya kisheria. Msomaji anakutana na mwili unaokula, unaocheka, unaofanya kazi na kushiriki katika ngoma ya zar; hali ya utumwa inajitokeza baadaye, polepole, ndani ya mazoea ya nyumba. Mwandishi aliyejifunza kuutafuta mwili pale ambapo mapokeo yanadai haupo anafanya hivyo hivyo kwa mwanamke ambaye nyaraka zingemtaja, kama zingemtaja, kwa jina moja tu.

Ipo haja ya tahadhari kuhusu jina la mwandishi. Al-Harthi ni jina la ukoo mkubwa unaofahamika vyema katika historia ya pwani yetu. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani na kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, alikuwa wa ukoo huo. Hata hivyo, jina la ukoo si ushahidi wa uhusiano wa karibu wa kifamilia, na haifai kuisoma riwaya kama wasifu wa watu wa Zanzibar. Inachotoa riwaya ni picha ya jamii ambamo majina, mali na kumbukumbu zilivuka bahari pamoja.

3.0 Siku aliyozaliwa Zarifa

Riwaya inawafuata dada watatu, Mayya, Asma na Khawla, pamoja na ndoa zao. Sehemu kubwa inasimuliwa na msimulizi wa nafsi ya tatu, isipokuwa sura za Abdallah, mume wa Mayya, anayesema kwa nafsi ya kwanza akiwa ndani ya ndege. Abdallah ni mwana wa tajiri Sulayman, naye amelelewa na Zarifa, mtumwa wa baba yake na mwanamke ambaye baba huyo alikuwa na uhusiano naye. Zarifa aliozwa Habib, mtumwa aliyetekwa Baluchistan akiwa mtoto, ambaye hakuacha kudai kwamba alizaliwa huru. Mwana wao ni Sanjar.

Alharthi anafanya uamuzi mmoja ambao mwanahistoria hawezi kuupita. Ankabuta, mama yake Zarifa, anajifungua akiwa nje kutafuta kuni, na siku hiyo ni tarehe 25 Septemba 1926. Siku hiyo hiyo, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirikisho la Mataifa zilitia saini Mkataba wa Utumwa. Kalamu inatembea juu ya karatasi Ulaya, na mtoto anazaliwa mtumwa jangwani Oman. Utumwa nchini humo ulikomeshwa rasmi mwaka 1970. Kwa hiyo, mtu aliyezaliwa siku ya mkataba angekuwa na umri wa karibu miaka 44 alipoambiwa na sheria kwamba yu huru.

Kejeli hiyo si ya Oman peke yake. Historia ya Afrika Mashariki ina mfululizo wake wa tarehe, nao unastahili kuwekwa kando ya tarehe ya riwaya. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar na kupiga marufuku usafirishaji wao baharini. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, amri ya 1904 ilieleza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Wazazi wao hawakuguswa na amri hiyo. Katika Tanganyika chini ya Waingereza, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922.

Kundi moja liliachwa nje waziwazi. Amri ya Zanzibar ya 1897 haikuwahesabu masuria pamoja na watumwa wengine. Walihesabiwa kuwa sehemu ya familia ya bwana, na njia ya kuondoka waliifunguliwa kwa sheria ya 1909. Watawala wa Kiingereza hawakutaka kuingia katika nyumba za matajiri, ambao utulivu wao waliuhitaji. Hivyo mwanamke aliyelala katika nyumba ya bwana wake alisubiri miaka 12 zaidi kuliko mwanamume aliyelima shamba la karafuu.

Mahali anaposimama Zarifa ni ndani ya pengo hilo. Tarehe za sheria ziliandikwa kwa kumfikiria mtumwa wa shambani, wa jahazini au wa sokoni. Zarifa ni mtumwa wa nyumbani: anapika, analea, anapendwa na kutumiwa, na upendo na matumizi hayo havitenganishwi. Anapoambiwa kwamba yu huru, neno hilo halibadilishi mara moja mahali anapolala wala mtoto anayemlea. Sanjar ndiye anayelishika neno kwa ukali, akaondoka kwenda Kuwait. Mama na mwana wanatofautiana si kwa sababu mmoja anaelewa na mwingine haelewi, bali kwa sababu uhuru unamgharimu kila mmoja kitu tofauti. Kwa Sanjar ni njia ya kuondoka. Kwa Zarifa ni kumwacha Abdallah, mtoto aliyemlea, pamoja na nyumba pekee ambayo humo neno lake lina uzito.

4.0 Maneno ya nyumba ya utumwa

Kiswahili kina msamiati mpana wa hali hizi, na upana huo ni kumbukumbu ya kihistoria. Neno *mtumwa* linatokana na mzizi *-tum-* na kauli ya kutendwa: ni yule anayetumwa. Mzizi huo umezaa pia *mtume* na *mtumishi*. Tofauti kati ya mjumbe anayeheshimiwa na mtu anayemilikiwa imebebwa na viambishi tu. *Mateka* hutokana na *-teka* na hueleza tukio la kutwaliwa. *Mjakazi* lina *-kazi*, kiambishi cha kike chenye asili ya Kibantu, ambacho hakina uhusiano na nomino *kazi* ingawa masikio ya leo huviunganisha. *Hadimu* na *suria* yametoka katika Kiarabu, yakiwa na mizigo ya sheria na desturi za nyumba za Kiarabu.

Lipo pia neno *mzalia*. Maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, yanaonesha jinsi jamii ya pwani ilivyomtofautisha mtumwa aliyezaliwa pwani na yule aliyeletwa karibuni kutoka bara. Mzalia alijua lugha, dini na adabu. Aliyetoka bara aliitwa mjinga au mshenzi. Ngazi hiyo ilipimwa kwa umbali kutoka bara: kadiri mtu alivyosahau alikotoka, ndivyo alivyopanda.

Zarifa, kwa kipimo hicho, ni mzalia. Amezaliwa ndani ya lugha ya mabwana na anaitawala kuliko wao. Mazungumzo yake yamejaa methali, na ni methali za Kiomani. Umahiri huo ni ushindi wake, na pia ni ushahidi wa kilichopotea, kwa kuwa lugha ya wahenga wake wa Kiafrika haisikiki. Mfasiri wa Kiswahili akimkaribia Zarifa, itambidi aamue kumwita mtumwa, mjakazi, suria au mzalia, na kila uamuzi utamweka mahali tofauti katika ngazi iliyokuwapo kweli.

Uamuzi kuhusu neno *suria* una uzito wa kisheria pia. Katika sheria ya Kiislamu, suria aliyemzalia bwana wake mtoto hakuweza kuuzwa, na alikuwa huru bwana alipofariki. Mtoto wake alikuwa huru na mrithi. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wana wa Sayyid Said waliotawala Zanzibar kwa kufuatana, wote walizaliwa na masuria. Lakini Sanjar ni mwana wa Habib. Kwa hiyo Zarifa aliishi karibu na bwana kama suria bila mtoto ambaye angemwinua, na mtoto aliyemzaa alifuata hadhi ya mama. Neno *suria* likitumiwa bila maelezo, litampa kinga ambayo hakuwa nayo.

5.0 Upande wa pili wa bahari

Riwaya ya Alharthi inapata maana kamili zaidi ikiwekwa pamoja na kazi za Afrika Mashariki. *Uhuru wa Watumwa* ya James Mbotela (1934) inaanza pale ambapo *Sayyidat al-Qamar* haifiki: katika vijiji vya bara, upande wa Ziwa Nyasa, siku ya kutekwa. Inaendelea hadi uokozi wa baharini na maisha ya Freretown, karibu na Mombasa. Hata hivyo, imeandikwa ndani ya shukrani kwa waokoaji wa Kiingereza, na uhuru unaonekana ndani yake kama zawadi iliyokamilika siku moja.

*Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi (1978) inalikataa wazo hilo la siku moja. Mhusika wake Kijakazi anatumikia kasri la tajiri wakati ambapo utumwa umekwisha kufutwa kisheria kwa miaka mingi. Hana jina lingine linalotumika: neno la hadhi limekuwa jina la mtu, likiwa na kiambishi cha udogo mbele yake. Kijakazi na Zarifa wanafanana sana. Wote wawili wamewalea wana wa mabwana, na wote wawili wana uaminifu unaomuudhi msomaji wa leo. Tofauti iko katika majibu ya riwaya. Adam Shafi, akiandika baada ya Mapinduzi, anauona uaminifu huo kama minyororo ya fikra ambayo historia itaikata. Alharthi hana mapinduzi ya kumkabidhi Zarifa. Anamwachia utata wake, na msomaji anaondoka akiwa hana hakika kama uaminifu huo ni udhaifu au ni mali pekee ambayo Zarifa aliweza kujijengea.

*Paradise* ya Abdulrazak Gurnah (1994), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina *Peponi*, inaongeza hali ya tatu. Yusuf si mtumwa kwa jina; ni rehani kwa deni la baba yake, naye anaingia bara pamoja na msafara wa tajiri Aziz. Gurnah anaonesha kwamba kumilikiwa kulikuwa na majina mengi, na baadhi yake yalisikika kama undugu. Yusuf anafundishwa kwamba Aziz si mjomba wake, ingawa ndivyo alivyozoea kumwita.

6.0 Kusoma kutoka Shelui

Ramani za misafara katika vitabu vya historia huonesha mstari mnene kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na Ujiji. Iramba iko kaskazini ya mstari huo, lakini haikuwa nje ya mtandao. Msafara wa Henry Morton Stanley, uliotoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874, uliiacha njia ya Tabora, ukapita Ituru na Iramba, ukafika kusini mwa Ziwa Victoria mwezi Februari 1875. Pembe za ndovu na wapagazi walipita pia kando ya mstari uliochorwa.

Tofauti moja lazima ilindwe hapa. Si kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walifanya kazi kwa ujira, wakiwa na kanuni na fahari ya kazi yao. Kumwona kila mtu wa bara katika msafara kuwa ni mtumwa ni kurudia dharau ya neno *mjinga* kwa lugha ya huruma. Wakati huo huo, kutekwa kwa watu kulikuwapo, na waliotekwa mara nyingi waliingia pwani wakipewa majina mapya. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu za pwani na za Oman zinaweza kumfahamu mzalia kwa undani, huku kijiji alikotoka bibi yake kikibaki bila jina.

Mwanafunzi kutoka Shelui anayefika kidato cha tano hukutana na *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi katika masomo yake ya fasihi. Anajifunza mitaa ya Unguja kana kwamba ndiyo mitaa ya Kiswahili. Hilo lina faida, lakini linaweza kumfanya aamini kwamba historia ya Bahari ya Hindi ni ya watu wengine. *Sayyidat al-Qamar* inaweza kumwonesha kinyume chake, kwa sharti asomeshwe kuuliza kuhusu ukimya uliomo: nyumba ya al-Awafi inajua Zarifa alizaliwa siku gani, lakini haiwezi kuimba wimbo wa kwao.

7.0 Hitimisho

Riwaya si nyaraka, na Zarifa hakuishi. Hata hivyo, Alharthi ameuliza swali ambalo nyaraka za sheria hulizima: uhuru ulifika lini kwa mtu ambaye kifungo chake kilikuwa jiko, kitanda na mtoto wa mwingine? Tarehe za 1873, 1897, 1909, 1922 na 1970 ni za kweli na zina umuhimu wake. Lakini zinapofundishwa bila Zarifa na Kijakazi, zinampa mwanafunzi mwisho ambao wanawake wengi hawakuupata.

Suala hili halijapoa. Katika pande zote mbili za bahari zipo familia ambazo neno *mtumwa* bado ni tusi katika maswali ya ndoa na nasaba, na zipo nyingine ambazo hunyamaza ili tusi hilo lisitajwe. Uhakiki wa Kiswahili una nyenzo ambazo wahakiki wa Ulaya waliompokea Alharthi hawakuwa nazo: msamiati uliotokana na historia hiyo hiyo, riwaya zilizoandikwa upande wa pili, na wazee wa bara ambao masimulizi ya familia zao hayajaulizwa vya kutosha. Kazi ya awali ni ya kawaida kabisa kwa wanaisimu na wanafasihi: kukusanya masimulizi hayo kwa lugha za wenyewe, Kinyiramba kikiwamo, na kuyaweka mezani pamoja na riwaya. Hapo ndipo itakapowezekana kumsoma Zarifa kuanzia kwa bibi yake, na si kuanzia siku Geneva walipotia saini.